Marie Curie na maharage ya Kyerwa

Wanachuo wenzangu, kama ulisoma fizikia au kemia sekondari, jina la Marie Curie si geni kwako. Wengi wetu tulifundishwa kwa sentensi mbili tu: mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, aligundua radiamu, basi, fungueni ukurasa unaofuata. Mimi nasomea ualimu, masomo yangu ni fizikia na kemia, na kwetu ni Kyerwa, mkoani Kagera. Naomba nafasi kwenye jarida letu nisimulie maisha ya mama huyu kwa urefu kidogo, kwa sababu naona yanatusaidia kujibu swali ambalo hata hapa chuoni watu wanalijibu kwa kubahatisha: chakula kilichopitishwa kwenye mionzi ili kisiharibike, ni salama kula au siyo?

Kwanza niseme swali limetoka wapi. Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, na mpaka leo maisha ni yale yale: ndizi, kahawa na maharage. Ndizi ikishakatwa haingoji mtu. Maharage nayo ukiyaweka stoo hivi hivi, baada ya miezi michache unakuta punje zina matundu na unga umejaa chini ya gunia. Wazee wanachanganya na majivu, wengine wanaanika tena na tena, wengine wananunua mifuko isiyopitisha hewa, na wapo wanaotumia vidonge vya sumu ya ghalani, wakati mwingine ndani ya chumba kile kile wanacholala watoto. Mfanyabiashara anayepeleka mzigo Mwanza, au anayevusha Murongo kwenda Uganda, hataki punje yenye tundu. Kwa hiyo mkulima anauza mapema kwa bei ya kutupa, halafu msimu wa kupanda ukifika ananunua mbegu ya maharage yale yale kwa bei ya juu.

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, katika sekondari moja ya Kyerwa, nilifundisha kidato cha nne mada ya mionzi. Nikawaambia kwamba zipo nchi ambako nafaka na viungo hupitishwa mbele ya mionzi ya kobalti, wadudu wakafa bila dawa yoyote kumwagwa. Darasa likachangamka. Kijana mmoja akasema mjomba wake anafanya biashara ya kuvusha nafaka, na anajua kabisa kwamba chakula cha mpakani serikali inakipiga mionzi ndipo kinapewa cheti, kwa hiyo hakifai. Jioni nikamsimulia bibi yangu. Yeye alisema kwa ufupi tu kwamba kitu kinachoua mdudu aliyejificha ndani ya punje, mlaji naye kitamuua, ila polepole.

Hofu zote mbili zina akili ndani yake. Na hazijibiwi kwa kumwambia mtu kwamba wazungu wanakula na hawafi. Mimi nimeona zinajibika vizuri zaidi ukimfuata mtu aliyeishi na mionzi kwa miaka zaidi ya 35, ikampa kila kitu, kisha ikamchukua.

Binti wa walimu

Maria Skłodowska alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 mjini Warsaw. Poland wakati huo haikuwa nchi huru, na Warsaw ilikuwa chini ya Mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia, mama yake alikuwa mkuu wa shule ya wasichana. Ni nyumba ya walimu kabisa, na shida zake zilikuwa za walimu: mshahara mdogo, baba kushushwa cheo kwa sababu ya siasa, wanafunzi wa bweni kujazwa ndani ya nyumba ili chakula kipatikane. Dada yake mkubwa alikufa kwa homa ya tifasi. Mama akafa kwa kifua kikuu mwaka 1878, Maria akiwa na miaka 10.

Alimaliza sekondari mwaka 1883 akiwa na medali ya dhahabu, lakini Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Akajiunga na chuo cha siri, ambacho watu walikiita chuo kinachoruka, kwa sababu madarasa yalihama nyumba hadi nyumba ili polisi wasiyakamate. Kisha akafanya makubaliano na dada yake Bronia: Bronia aende Paris kusomea udaktari, Maria afanye kazi amsomeshe, halafu zamu igeuke. Akaenda kijijini kufundisha watoto wa familia moja tajiri. Mchana alifundisha watoto wa bosi, na saa zake za ziada akawafundisha watoto wa wakulima kusoma na kuandika Kipolandi, jambo ambalo serikali ya Urusi ingeweza kumwadhibu kwalo. Wale tunaosomea elimu tulitazame hilo. Kabla hajawa mwanasayansi alikuwa tayari mwalimu wa vijijini asiye na cheti.

Zamu yake ilifika mwaka 1891, akiwa na miaka 24. Akapanda treni ya daraja la chini hadi Paris, akajiandikisha Sorbonne kwa jina la Marie. Alipanga chumba cha juu kabisa darini, baridi kali, hela ya kuni hakuna. Alikula mkate na chai siku nyingi kiasi kwamba aliwahi kuzimia kwa njaa. Sisi ambao bumu likichelewa tunageukia mihogo na maji ya kandoro tunamwelewa vizuri sana. Mwaka 1893 akashika nafasi ya kwanza katika shahada ya fizikia, mwaka 1894 nafasi ya pili katika hisabati.

Mwaka huo wa 1894 alikutana na Pierre Curie, mwanafizikia mpole asiyependa makuu. Walioana Julai 1895. Binti yao wa kwanza, Irène, alizaliwa 1897, wa pili, Ève, 1904.

Banda la Paris

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba madini ya uraniamu yanatoa mionzi yenyewe, bila kuchomwa wala kupigwa jua. Wanasayansi wengi hawakuhangaika nayo. Marie alikuwa anatafuta mada ya udaktari, akaichukua. Akaamua kutoitazama kwa macho tu bali kuipima, kwa kifaa cha umeme ambacho Pierre na kaka yake walikuwa wametengeneza. Akapima madini moja baada ya jingine. Ndipo akakuta kwamba mawe fulani yenye uraniamu, yaliyotoka migodi ya Bohemia, yanatoa mionzi mikali kuliko uraniamu yenyewe. Maana yake kuna kitu kingine ndani, kidogo sana na kikali sana.

Julai 1898 yeye na Pierre walitangaza elementi mpya, wakaiita poloniamu kwa heshima ya Poland. Desemba mwaka huo huo wakatangaza radiamu. Wanakemia wakataka kuiona. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Walipewa banda lililowahi kuwa chumba cha kupasulia maiti cha wanafunzi wa udaktari, paa linavuja, hewa chafu. Mabaki ya mgodi yaliletwa kwa magunia, tani kadhaa. Marie aliyachemsha kwenye masufuria makubwa, akikoroga kwa nondo yenye urefu kama wake.

Mtu wa Kyerwa ambaye ameona wachimbaji wetu wa bati wakiponda mawe na kuosha mchanga siku nzima wapate kiganja kimoja cha madini, ana picha ya kazi hiyo. Ila kwa Marie kiganja hakikupatikana. Baada ya karibu miaka minne, mwaka 1902, alikuwa na sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu.

Hawakuchukua hataza. Njia ya kuitenga radiamu waliiandika wazi, kila mwenye kiwanda akaitumia bure, na baadaye Marie mwenyewe akakosa hela ya kununua kitu alichokigundua. Juni 1903 alipata udaktari wake, na Desemba mwaka huo yeye, Pierre na Becquerel wakagawana Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kamati ilitaka kwanza kuwapa wanaume peke yao. Pierre alipopata habari akaandika kudai kwamba mke wake lazima awemo.

Lakini mwili ulikuwa umeanza kulipa. Vidole vya Marie vilibabuka na kuwa vigumu. Pierre alijifunga radiamu mkononi kwa makusudi kwa saa kadhaa ili aone itafanya nini, akapata kidonda kilichokaa wiki nyingi. Becquerel alibeba kichupa chake mfukoni mwa kizibao, akaungua tumboni. Usiku wanandoa hawa walirudi bandani kutazama vichupa vyao vikiwaka mwanga wa buluu gizani. Waliona ni kitu kizuri tu. Hawakujua wamekaa na nini.

Naomba msomaji ashike jambo hili, maana nitalirudia: walioungua ni waliokishika chanzo.

Mjane, mwalimu, dereva

Tarehe 19 Aprili 1906, mvua ikinyesha, Pierre aliteleza barabarani Paris akakanyagwa na mkokoteni wa farasi. Alikufa pale pale. Chuo kikampa Marie nafasi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Siku ya mhadhara wake wa kwanza ukumbi ulijaa waandishi na watu wa mjini waliotaka kumwona mjane akilia. Yeye alianzia pale pale Pierre alipoachia somo, akamaliza, akatoka.

Kufundisha hakukuwa jambo la pembeni kwake. Tangu mwaka 1900 alikuwa akifundisha fizikia katika chuo cha ualimu cha wasichana kule Sèvres, na sifa yake ilikuwa kuwaweka wanafunzi mbele ya vifaa wafanye majaribio kwa mikono yao. Baadaye, yeye na maprofesa wenzake walianzisha darasa la kufundishana watoto, kila mzazi na somo lake. Zamu ya Marie ilikuwa fizikia.

Mwaka 1911 ulikuwa mzito. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimkataa kwa kura chache. Magazeti yakamchafua kwa sababu ya uhusiano wake na mwanafizikia Paul Langevin, aliyekuwa na mke, na wakamwita mgeni aliyekuja kuvunja nyumba za Wafaransa. Mwaka huo huo akapewa Nobel ya pili, ya kemia. Akashauriwa asiende Stockholm kuichukua. Akaenda.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, aliona askari wanakatwa viungo kwa sababu madaktari hawajui risasi imelala wapi. Akatafuta magari, akafunga mashine za eksirei ndani yake, akajifunza kuendesha na kutengeneza gari, akaenda hadi karibu na uwanja wa vita akiwa na Irène, binti wa miaka 17. Yalipatikana magari 20 hivi na vituo 200 vya hospitalini, na alifundisha wanawake wapatao 150 kuendesha mashine hizo. Inakadiriwa kwamba askari zaidi ya milioni moja walipigwa picha.

Tuwatazame askari hao. Walipitiwa na mionzi, picha ikatoka, wakashonwa, wakarudi kwao. Hakuna aliyerudi kijijini anatoa mionzi. Ndivyo ilivyo kwako ukipigwa eksirei ya kifua hospitali: mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, hutoki nayo mlangoni. Lakini Marie na Irène, waliosimama kando ya mashine siku baada ya siku bila kinga ya kutosha, hao mionzi iliwarundikia madhara.

Radiamu ya kunywa

Baada ya vita dunia ikapagawa na radiamu. Kwa kuwa ilitibu saratani, watu wakadhani inatibu kila kitu. Yalitengenezwa maji ya radiamu ya kunywa na krimu za radiamu za kupaka usoni. Huko Marekani tajiri mmoja, Eben Byers, alikunywa chupa nyingi sana za dawa ya radiamu, taya likaoza, akafa mwaka 1932. Kabla yake, wasichana wa viwanda vya saa walikuwa wakipaka rangi ya radiamu kwenye namba ili zing'ae usiku. Waliambiwa wachonge ncha ya brashi kwa midomo. Radiamu ikaingia, ikakaa mifupani kama chokaa, na wengi wakafa.

Hiki ni kitu tofauti kabisa na eksirei. Hapa chanzo chenyewe kimemezwa. Kimekaa mwilini, kinatoa mionzi usiku na mchana. Kwa lugha ya nyumbani: kuota moto ni jambo moja, kumeza kaa la moto ni jambo jingine.

Marie alienda Marekani mwaka 1921, na wanawake wa huko waliochanga dola 100,000 wakamzawadia gramu moja ya radiamu, akaipokea Ikulu kwa mkono wa Rais Harding. Mwaka uliofuata bei ikaanza kuporomoka, kwa sababu Wabelgiji walianza kutoa radiamu kutoka mawe ya Shinkolobwe, kule Katanga. Yaani sehemu kubwa ya radiamu iliyotibu wagonjwa wa Ulaya miaka ile ilichimbwa na mikono ya Wakongo, na hao vitabu vyetu haviwataji.

Mwanzoni mwa mwaka 1934 Irène na mumewe Frédéric Joliot waligundua kwamba elementi ya kawaida inaweza kufanywa itoe mionzi. Marie aliwahi kuyaona matokeo hayo. Ni kwa mlango huo ilikuja kobalti-60, inayotengenezwa ndani ya vinu vya nyuklia, na ndiyo iliyotumika miaka mingi kwenye mashine za kutibu saratani, pamoja na Ocean Road, Dar es Salaam. Tarehe 4 Julai 1934 Marie alifariki kwa ugonjwa wa damu, uboho wake umeshindwa kutengeneza chembe mpya. Irène naye alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1956.

Madaftari ya Marie mpaka leo yanahifadhiwa Paris ndani ya masanduku ya risasi, kwa sababu vumbi la radiamu limo kwenye karatasi, na radiamu huchukua miaka 1,600 hivi nguvu yake kupungua kufika nusu. Mwaka 1995 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, makaburi ya mashujaa wa Ufaransa. Wataalamu waliopima walikuta radiamu kidogo kuliko walivyotarajia, wakaona huenda zilizomdhuru zaidi ni eksirei za wakati wa vita.

Turudi kwenye gunia

Sasa maharage. Mtambo wa kuhifadhi chakula kwa mionzi una chumba chenye kuta nene za zege. Katikati kuna kobalti-60 iliyofungwa ndani ya vyuma, na ikiwa haitumiki huteremshwa kwenye dimbwi refu la maji. Magunia yanapita kwa mkanda, yanapigwa mionzi kwa muda uliopangwa, yanatoka. Kobalti haigusi punje hata moja. Punje ni kama yule askari wa eksirei: imepitiwa, haikubaki na kitu kinachotoa mionzi. Kipimo chake ni kilogrei. Vitunguu na viazi visichipue vinahitaji chini ya 0.15, wadudu wa nafaka chini ya 1, viungo kama pilipili hufika 10.

Na kwa nini mdudu afe, mlaji asidhurike? Kwa sababu mionzi inavunja vitu vinavyohitajika ili seli hai igawanyike. Mdudu yuko hai pale punje inapopita. Wewe haukuwemo chumbani. Unakula punje baadaye, kama unavyokula ndizi iliyopita kwenye moto bila wewe kuingia jikoni mwa jiko.

Tanzania tuna mfano wetu mkubwa, ingawa si wa chakula. Kati ya mwaka 1994 na 1997 mbung'o wa kiume walizalishwa kwa wingi Tanga, wakahasiwa kwa mionzi, wakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja, milioni 8 hivi. Majike ya porini yakajamiiana nao, mayai hayakutunga, na kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Ng'ombe wa Unguja wakapona nagana. Mamilioni ya wadudu waliopigwa mionzi wameanguka kwenye mashamba na malisho, na hawakuacha mionzi ardhini.

Na cheti cha mpakani je? Hapa mjomba wa yule kijana amechanganya mambo mawili. Aprili 1986 kinu cha Chernobyl kililipuka, vumbi lenye mionzi likaangukia nyasi, ng'ombe wakala, maziwa yakachafuka. Tangu hapo nchi nyingi zinapima chakula kinachovuka mipaka. Kwetu kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye ofisi Arusha. Tume haikipigi mionzi chakula chako. Inachukua sampuli na kupima kama kuna vumbi la namna ile. Ni hofu ya kaa la moto lililomezwa, siyo ya kuota moto.

Maswali yanayobaki

Nisieleweke kwamba napiga debe. Kamati ya pamoja ya FAO, IAEA na WHO ilikaa mwaka 1980 na kukubali kwamba chakula kilichopata hadi kilogrei 10 hakina hatari ya sumu, lakini mjadala ulikuwepo na una sababu. Mwaka 1975 watafiti wa India waliwalisha watoto wenye utapiamlo ngano iliyotoka kupigwa mionzi, wakaripoti chembe za damu zisizo za kawaida. Watoto walikuwa watano watano kwa kundi, na wengine waliorudia kazi hiyo hawakupata matokeo yale, ila swali liliwasumbua watu miaka mingi. Australia, mwaka 2008 na 2009, paka wengi walipooza baada ya kula chakula cha paka kilichopigwa dozi kubwa kupita kiasi, na serikali ikazuia njia hiyo kwa chakula cha paka. Baadhi ya vitamini, hasa B1, hupungua. Mafuta hutoa harufu dozi ikizidi.

Lipo na jambo ambalo mfanyabiashara mjanja anaweza kulitumia. Mionzi inaua ukungu, lakini haifuti sumukuvu ambayo ukungu umeshaiacha. Sumukuvu ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mahindi mabovu yakipitishwa kwenye mionzi yatakuwa mahindi mabovu yasiyo na wadudu. Kwa hiyo lebo ni haki ya mlaji, na ukaguzi lazima uanze kabla ya mtambo.

Hatari kubwa kabisa, hata hivyo, ndiyo ile ya banda la Paris. Mwaka 1989 huko El Salvador, mtambo wa kusafisha vifaa vya hospitali kwa kobalti ulikwama, wafanyakazi 3 wakaingia chumbani kukwamua wakati chanzo hakijashuka majini. Mmoja alifariki, wawili waliumia vibaya. Waliotumia vifaa vile hawakudhurika. Tunapouliza usalama wa chakula cha mionzi, tunauliza sana kuhusu sahani na kidogo mno kuhusu kijana aliyeajiriwa kusukuma magunia: amefundishwa? Ana kipimo kifuani? Nani anakisoma kipimo hicho kila mwezi, na anaweza kufunga mtambo bila kupigiwa simu na mkubwa?

Kwa Karagwe na Kyerwa leo, maoni yangu ni kwamba mkulima wa magunia manne hahitaji kobalti. Mtambo ni wa mabilioni, unataka mzigo mkubwa na umeme usiokatika. Kukausha vizuri juu ya turubai na mfuko usiopitisha hewa kutamsaidia zaidi msimu huu, na kutawaondoa watoto kwenye chumba chenye vidonge vya sumu. Lakini miaka 10 au 20 ijayo mtambo unaweza kuja Mwanza au Bukoba, kwa ajili ya maharage, vanila, au samaki wa ziwa. Siku hiyo watu wetu wakiwa bado hawatofautishi kupigwa mionzi na kuchafuliwa na mionzi, watakataa kitu kizuri kwa hofu, au watakubali kitu kibovu kwa sababu kina cheti.

Kazi ya kuwatofautishia ni yetu tunaokwenda kufundisha. Mada ya mionzi imo kwenye silabasi ya kidato cha nne, lakini walimu wengi wanaipitia mbio mbio wiki za karibu na mtihani, au wanaiacha kabisa. Napendekeza tusiiache. Na tukiifundisha, tuwape wanafunzi hadithi nzima: banda, gari la eksirei, brashi ya wale wasichana, madaftari ndani ya risasi. Mwanafunzi akishajua nani aliungua na kwa nini, ataweza kumweleza mjomba wake mpakani bila kusubiri mtaalamu atoke Arusha. Mwenye hoja tofauti, hasa ndugu zangu wa sayansi ya chakula, aandike toleo lijalo tujadiliane.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya elimu.